Juisi ya Timu

Fundi cherehani alikuwa anarudishia kifungo kwenye sweta ya shule ya bintiye aliposikia harufu. Akainusa tena, upande wa kola. Pombe.

Binti alikuwa na miaka kumi na minne. Fundi, ambaye ndiye mama yake, akamwita.

"Jana ulikunywa nini?"

"Maji, mama. Na juisi ya timu."

Jibu lilitoka haraka mno, na macho yalikuwa mlangoni.

Kuanzia hapo fundi hakumwamini mtu. Alianza na mwenye duka la njia panda, ambaye watu walimwita Tabasamu kwa kuwa hajawahi kutabasamu. Alikwenda kununua uzi asiouhitaji, macho yakitambaa kwenye rafu. Chupa za pombe zilikuwa juu kabisa, nyuma ya sabuni.

"Watoto wa shule huwa wanakuja hapa?"

"Wanakuja kununua daftari," Tabasamu alijibu. "Kama una neno na mimi, litoe."

Hakulitoa, wala hakumwamini. Akamshuku dereva wa trekta. Akamshuku jirani mwenye mizinga ya nyuki, maana alikuwa mkarimu kupita kiasi. Mumewe akamcheka.

"Utamaliza kijiji kizima. Nimebaki mimi tu."

"Na wewe nimeshakufikiria."

Siku ya mazoezi aliwapelekea wasichana sketi mpya za netiboli. Kocha alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kipenzi cha kila mtu tangu timu ianze kushinda. Wazazi wachache walikuwa wameketi pembeni ya uwanja. Wasichana walikuwa wanacheka ovyo. Mmoja alianguka bila kuguswa, akabaki hapo chini akijichekea. Kocha alipomwona shemeji yake anakuja, akaisukuma ndoo ya juisi kwa mguu, ikaingia nyuma ya benchi.

Fundi aliuona ule mguu.

"Shemeji, kiu inaniua. Nipe juisi."

"Hii ya watoto, shemeji. Ngoja nikutafutie maji."

"Ya watoto itanidhuru mimi?"

Akachota mwenyewe. Utamu ulipita kwanza, kisha koo likawaka moto.

"Umewatilia nini humu?"

Kocha akashusha sauti. "Kidogo tu, ya kuwatoa woga. Si unaona wanavyoshinda?"

"Ni kweli wanashinda," alisema mama mmoja aliyekuwa karibu, kama anayemtetea. Hilo lilimchoma fundi kuliko ile pombe.

"Onja, mwenzangu. Halafu useme tena."

Yule mama akaonja, akatema. Akamtazama aliyekuwa chini anacheka. Alikuwa mwanawe. Kikombe kikapita mkono kwa mkono, na hakuna aliyekimaliza. Fundi akaiinua ndoo, akaimwaga yote pale pale.

Nyumbani, mumewe alinuna.

"Umemwaibisha mdogo wangu mbele za watu."

"Aibu kajitia mwenyewe. Mwulize bintiyo alianza lini kunywa."

Mume akamwuliza binti. Aliposikia jibu, akavaa viatu bila kuaga, akaenda kwa mdogo wake. Alirudi na mpira na filimbi ya timu, akaviweka mezani.

"Hatakanyaga tena uwanjani. Kesho nampelekea mwalimu mkuu hivi, na nitamweleza kila kitu."

Mwalimu wa hesabu akachukua timu. Mechi ya kwanza walifungwa vibaya, na kisimani wako walionong'ona kwamba fundi ameua timu. Aliwasikia, akajaza ndoo zake, akaondoka.

Jioni hiyo alimkuta binti ameketi uani kwenye mkeka.

"Mama, leo miguu ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa naona watu wote wananitazama mimi."

"Lakini ulicheza mpaka mwisho."

Binti akageuka kumtazama. "Mechi ijayo utakuja?"

"Nitakuja."

"Kutazama, au kutuchunguza?"

Mama akafikiri. "Vyote viwili."

Binti akabinua midomo, lakini akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.