Kifungu cha Nne

Mfumo ulimkataa Karani siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Si kwamba hakujiandaa. Vyeti vyake vilikuwa vimenakiliwa, vimegongwa mhuri na kupangwa kwa kufuata miaka. Picha yake ilikuwa na rangi ya buluu nyuma, kama tangazo la kazi lilivyotaka. Barua ya maombi ilikuwa ya ukurasa mmoja, haina kosa hata la mkato. Kilichobaki ni kisanduku kimoja kwenye kompyuta ya steshenari: namba ya kitambulisho cha taifa.

"Namba, dada," alisema mwenye steshenari, vidole vikiwa tayari.

Karani alimtajia namba aliyoiandika kwenye kiganja. Kompyuta ilisitasita, kisha ikaleta picha ya mwanamke mwenye uso mpana na kilemba, pini mbili zimechomekwa kwenye blauzi yake upande wa kushoto.

"Huyu si wewe."

"Ni dada yangu."

"Mbona jina ni lako?"

Jibu lilikuwa refu, na foleni nyuma yake ilikuwa ndefu pia.

"Mimi nitaendelea kujaza," mwenye steshenari alisema kwa sauti ya chini, "lakini siku ya mtihani wanasoma vidole. Vidole havina undugu. Tafuta njia kabla ya Ijumaa saa kumi."

Akalihifadhi ombi. Juu ya skrini yakatokea maandishi mekundu: HALIJAKAMILIKA.

Jina lilikuwa la dada, na namba pia; Karani hakuwa na yake. Miaka ishirini na moja iliyopita, dada huyo alifanya mtihani wa darasa la saba, akafaulu na kuchaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Barua ilifika nyumbani wiki ileile mama yao alipoanguka na kushindwa kuinuka kitandani. Mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumwogesha alihitajika, na mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila binti mkubwa. Baba aliisoma barua mara tatu, akaikunja, akaifunua tena. Kisha akasema nafasi haiwezi kupotea hivihivi, aende mdogo. Mdogo alikuwa darasa la tano, ana miaka kumi na miwili. Alipewa barua, cheti cha kuzaliwa cha dada yake na sanduku la bati. Mwalimu mkuu alifumba macho. Kuanzia siku hiyo mdogo akaitikia jina lisilo lake kila asubuhi, hadi akalizoea, hadi likamkaa.

Dada alijifunza cherehani pembeni ya kitanda cha mama. Mama alipofariki, cherehani ilibaki. Sasa mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata watoto wake walipotumwa waliagizwa kwa Fundi.

Mdogo alisoma, akapata stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa miaka tisa alikuwa karani wa muda katika masjala ya ofisi moja ya serikali. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Alijua kila faili lilipo. Maofisa walipopoteza barua hawakuitafuta, walimtafuta yeye. Lakini kiti alichokalia hakikuwa chake, na sasa kilikuwa kimetangazwa: Afisa Kumbukumbu, nafasi moja, mtihani wa mchujo, umri usiozidi miaka thelathini na mitano. Kwa karatasi, Karani angetimiza thelathini na sita mwezi ujao. Kwa ukweli alikuwa na thelathini na mitatu, lakini ukweli haukuwa na kiambatisho.

"Ukifaulu, kiti unabaki nacho," mkuu wa masjala alikuwa amemwambia. "Usipoomba, mwisho wa mwezi nampokea mwingine. Sina ujanja, mama. Nimekuombea nyongeza za mkataba hadi wananiona mimi ndiye mwenye tatizo."

Jumatano mchana alimkuta dada yake katika chumba chake cha kushonea, ameinamia kitambaa cha kijivu. Ilikuwa sketi ya Karani, ya siku ya mtihani. Fundi alikuwa ameianza siku tangazo lilipotoka, bila kuombwa.

"Simama hapo. Usivute tumbo, mtihani hawapimi tumbo."

Karani akasimama. Fundi akapiga magoti na kuanza kuchoma pini kwenye pindo, akizitoa mdomoni moja baada ya nyingine.

"Wamekataa," Karani alisema. "Kitambulisho. Imetokea picha yako."

"Nimetokaje?"

"Dada, nasema kweli."

"Na mimi nauliza kweli. Yule mpiga picha aliniharakisha, nikasahau kutoa pini kifuani. Serikali nzima inanijua na pini." Alicheka, kisha akaona mdogo wake hacheki. "Haya. Wanataka nini?"

Karani alieleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma jalada. Wakili mmoja alikuwa tayari kuandaa kiapo. Fundi angeapa kwamba cheti cha kuzaliwa na jina ni vya mdogo wake, na kwamba yeye alivitumia kimakosa kupatia kitambulisho. Angechukua jina la utotoni la mdogo. Ofisi ya usajili ingetoa barua ya muda, barua ingeambatishwa, ombi lingekamilika.

Fundi alitoa pini ya mwisho mdomoni.

"Kwa hiyo mimi niwe wewe."

"Kwa karatasi tu."

"Na vyeti vya wanangu? Vimeandikwa mama yao ni nani?"

"Vitarekebishwa baadaye. Nitavishughulikia mwenyewe, ndiyo kazi yangu."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Karani aliziona nywele za dada yake kwa juu, nyeupe tatu au nne, akahesabu bila kutaka.

"Jina lenyewe nani ananiita?" Fundi alisema hatimaye. "Serikali peke yake, tena ikitaka kitu. Chukua. Mimi Fundi linanitosha." Akajikung'uta magoti. "Lakini nikuulize, msomi. Tangi lina mabomba mawili. La kwanza hulijaza kwa saa tatu. La pili hulijaza kwa saa sita. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Karani alifikiri. "Saa nne na nusu."

"Mawe! Yaani ukiongeza bomba la pili, maji yanachelewa? Saa mbili! Swali la thelathini na nane hilo. Chumba kizima walichemka. Mwalimu aliniambia baadaye, shule yetu nzima nililipata peke yangu." Alikuwa akicheka hadi akashika ukingo wa meza. "Na wewe ndiye unayetaka kwenda kwenye mtihani. Tumekwisha."

Karani alicheka pia. Aliondoka moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alikaa mezani na kuandika maelezo ya kiapo kwa ajili ya wakili. Aliyaandika kama alivyozoea kuandika kila kitu, kwa vifungu vyenye namba. Alipofika cha tatu aliyasoma yote na kuona pengo. Mtu wa usajili angeuliza: kama jina ni la mdogo, aliyefanya mtihani wa darasa la saba kwa jina hilo ni nani? Jalada lenye pengo hurudishwa. Karani alikuwa amerudisha majalada ya aina hiyo kwa miaka tisa. Akaongeza kifungu cha nne, akakagua herufi, akalala.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la vipuri. Alhamisi asubuhi ndugu hao wawili walipanda ngazi pamoja. Fundi alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu na kujipaka mafuta mikononi ili vidole vichapike vizuri. Wakili, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwakaribisha viti na kutoa karatasi mbili zilizochapwa.

"Sheria inataka nikusomee, mama, ili uape kwa unachokijua. Kwanza, kwamba wewe ni ndugu wa damu wa mwombaji."

"Kweli," Fundi alisema. "Ingawa yeye kachukua urefu wote."

"Pili, kwamba cheti cha kuzaliwa chenye jina lililotajwa ni cha mwombaji, na ulikitumia kwa makosa ya kifamilia bila nia mbaya."

"Haya."

"Tatu, kwamba kuanzia leo utatumia jina jingine lililotajwa hapo chini."

"Haya."

"Nne, kwamba wewe hukuwahi kufanya mtihani wa darasa la saba, hukuwahi kufaulu wala kuchaguliwa, na kwamba aliyefanya na kufaulu mtihani huo ni mwombaji."

Fundi hakusema haya.

Feni ya dari ilizunguka. Wakili akasogeza kidau cha wino mbele yake.

"Rudia hapo," Fundi alisema.

Wakili akarudia.

"Hicho futa."

"Siwezi kukifuta, mama. Hicho ndicho kiapo chenyewe. Vitatu vya mwanzo ni mlango tu. Bila cha nne, usajili wataniuliza nani alifaulu, na mimi nitakosa jibu."

Fundi akamgeukia mdogo wake. "Nani kakiandika?"

Karani alitazama karatasi. "Mimi."

"Wewe."

"Ilibidi, dada. Faili lingekuwa na pengo."

"Pengo," Fundi alisema, kama mtu anayelipima neno kwa futi.

"Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, mbona unaililia?"

Karani hakuwa amejua kwamba analia. Alijifuta kwa kiganja. "Leo Alhamisi. Kesho saa kumi wanafunga. Mwezi ujao umri umenipita, na mwisho wa mwezi huu sina kazi. Sina mlango mwingine. Ulisema jina nichukue."

"Jina chukua. Nimesema na sirudi nyuma. Watoto wangu waandikwe upya, sawa. Kaburini niandikwe jina lako, sawa." Alikuwa akizungumza polepole, mikono iliyopakwa mafuta imetulia mapajani. "Mwanasheria, tangi lina mabomba mawili. Moja hulijaza kwa saa tatu, jingine kwa saa sita. Yote mawili, saa ngapi?"

Wakili alivua miwani. "Mama, sikuelewi."

"Mimi naelewa. Ndiyo maana siwezi kuapa."

Wakili alitazama karatasi, akamtazama Karani, na Karani aliona wazi kwamba mtu huyo amejua yote. Akafunika kidau cha wino.

"Na sasa," alisema kwa upole, "hata ukiniambia umekubali, mimi siwezi kukuapisha."

Chini, mbele ya duka la vipuri, walisimama kama watu wasiojua waelekee upande gani. Mtu alikuwa akigonga chuma mahali fulani ndani.

"Umenikasirikia," Fundi alisema.

"Ndiyo."

"Una haki. Mimi nilikukasirikia mwaka wa kwanza wote uliokuwa shule. Na wa pili. Ukirudi likizo na sare yako nakupokea, nakupikia, nakasirika. Hukujua kwa sababu nilikuwa nakupunguzia sketi." Alitazama mikono yake. "Halafu hasira ikaisha. Kilichobaki ni kile kimoja tu, kwamba nilifaulu. Sina cheti, sina shahidi, mwalimu kafa, baba kafa. Ninajua mimi na unajua wewe. Nikiapa leo, nani atabaki anajua?"

Karani alitaka kusema, mimi nitajua. Lakini kifungu cha nne alikiandika yeye, kwa mkono wake, na alipokiandika hakukumbuka kitu. Aliona pengo tu.

Walitembea pamoja hadi njia panda, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Ijumaa saa tisa na nusu Karani alikuwa steshenari. Mwenye steshenari hakuuliza. Alifungua ombi na kumwachia kiti, akaenda kuhudumia watu wengine. Karani alilitazama ombi kurasa zote. Elimu, uzoefu, wadhamini watatu, barua bila kosa. Saa kumi kamili kitufe cha kutuma kikafifia, kikawa kijivu. Maandishi mekundu yalibaki vilevile.

"Pole, dada," mwenye steshenari alisema. "Nikufutie, au nikuachie?"

"Acha."

Siku ya mwisho ya mwezi, kifurushi kilimsubiri mlangoni asubuhi, kimefungwa kwa mabaki ya kitambaa. Ilikuwa sketi ya kijivu. Pindo lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana hata ukiitafuta, na pini zote zilikuwa zimetolewa. Hapakuwa na ujumbe. Karani aliivaa. Ilimkaa sawasawa.

Masjalani, mkuu wake alimpa fomu ya makabidhiano bila kumtazama usoni. Orodha ya rafu, orodha ya majalada ya siri, funguo tatu. Karani aliikagua mstari kwa mstari, akapata majalada mawili yasiyoorodheshwa, akayaongeza. Halikubaki pengo. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina la anayekabidhi.

Kalamu ilisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Kuna tatizo?" aliuliza mkuu.

"Hakuna."

Akaandika jina la dada yake, kama alivyozoea, akatia saini na tarehe, akaweka funguo juu ya karatasi.