Utando Mweupe Kwenye Foili

Wifi yangu aliinamia hadubini kwa muda mrefu kuliko desturi yake. Kazi yake katika maabara ya zahanati ni kutafuta vimelea kwenye damu za watu, na jicho lake ni jepesi: hutazama, huguna, huandika, basi. Siku ile alitazama, akazungusha kitufe, akatazama tena. Kisha akasogeza kiti chake pembeni ili nikae mimi.

"Wewe unaona nini?" akaniuliza.

Niliona kamba. Nene, bapa, zimejipinda kama utepe uliosokotwa ukaachiwa. Nikamwambia zinapendeza. Alifungua kopo lililokuwa mezani, akachomoa pamba kidogo, ile ya kufutia vidonda, akaitandaza juu ya kioo kingine na kukiweka chini ya lenzi mahali pa kile cha kwanza. Nikatazama. Kama asingebadilisha kioo mbele ya macho yangu, ningeapa kwamba hajabadilisha kitu.

"Wifi," akasema, kwa ile sauti anayotumia kuwapa watu majibu yao, "nenda kamuulize kaka yangu."

Kaka yake ni mume wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu nijue kushika sindano nimeshona kwa uzi uliosokotwa na watu nisiowajua, na sikuwahi kujiuliza uzi wenyewe unazaliwaje, hadi siku ambayo mteja mmoja, akisubiri nimkunjie pindo, alinionyesha kwenye simu yake mtu aliyekuwa akitengeneza nyuzi nyumbani kwa gundi. Hakuwa na gurudumu wala pia ya kusokotea. Alikuwa na bomba la sindano lenye gundi iliyolainishwa kwa maji, waya wa umeme mkali uliogusa sindano, na mbele yake karatasi ya foili. Tone lilipofika kwenye ncha, umeme ulilivuta mpaka likachongoka kama mdomo wa ndege, na kwenye mdomo ule ukatoka uzi mwembamba kiasi kwamba jicho liliupoteza hewani. Ulicheza, ukakauka kabla ya kutua. Kwenye foili ukabaki utando mweupe.

Nililikunja pindo lile vibaya, ikabidi nilifumue.

Mume wangu alikuwa fundi wa televisheni za chogo, na watu walimwita Fundi Chogo, jina lililokaa hata baada ya televisheni zenyewe kuanza kutupwa. Duka lake lilikuwa limegeuka makaburi ya mashine. Nilipomsimulia nilichokiona, alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia stoo, akatoka na transfoma iliyojaa vumbi. Akaipuliza. "Hii inatoa umeme wa kuvuta hata pepo," akasema, na nikamwona anacheka kwa meno yote, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu wateja wake wapungue.

Tukaanza. Tulichukua chumba kidogo kando ya jiko, kile cha mapipa ya maji. Yeye alifunga nyaya, mimi nikakoroga gundi. Alinifundisha kuweka mkono mmoja mgongoni mashine inapowaka, na kugusisha waya wa ardhini kwa fimbo kavu kabla ya kukaribia kitu chochote, kwa sababu umeme ule hausahau hata ukishazimwa. Chumba kilinuka ile harufu kali ya hewa baada ya radi. Majirani wakasema mke na mume wanapika umeme, tukacheka nao. Nitasema ukweli: hata katika fungate yetu hatukuwahi kuongea vile.

Lakini uzi haukutoka. Kilichotoka kilikuwa mate. Gundi ilirushwa kwenye foili kwa vitone vidogo, kama mtu aliyepiga chafya juu ya kioo. Tukaipunguza maji, ikaziba sindano. Tukaiongeza, ikadondoka sakafuni. Tulisogeza foili mbele, tukairudisha nyuma. Majuma yakawa miezi. Mimi sikuchoka, mshonaji amezoea kufumua. Niliketi mbele ya mashine, nikaitazama, nikawaza.

Asubuhi moja nikaingia chumbani, nikaukuta. Utando mweupe, laini, umetanda kwenye foili ya jana yake. Mume wangu alisimama nyuma yangu akasema huenda ulitoka tukiwa tumekwisha kukata tamaa, kwenye lile jaribio la mwisho, ila taa ilikuwa hafifu hatukuuona. Nikaugusa. Sasa nisikilize vizuri: vidole vyangu vilijua. Vidole hivi vinatofautisha kitambaa na kitambaa gizani. Vilinong'ona kwamba hiki ni kitu ninachokifahamu. Moyo ukavinyamazisha. Niligeuka, nikamkumbatia.

Habari ilisambaa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani alikuja kushona suruali, akaondoka na mwaliko: nije niwaeleze wanafunzi wake. Nilikwenda na gauni langu la harusi za watu. Nilieleza tone, mdomo wa ndege, uzi unaopotea hewani. Mwalimu aliuweka utando kati ya vioo viwili, akautundika ukutani darasani. Wanafunzi wakapiga makofi, na aliyepiga kuliko wote, aliyesimama kabisa pale mstari wa mbele, alikuwa mume wangu.

Baadaye mwalimu akaomba picha ya nyuzi zikiwa zimekuzwa, aiweke chini ya vile vioo. Nilikuwa nimebakiza kipande nyumbani. Ndivyo nilivyofika kwa wifi.

Nilimkuta mume wangu dukani analehemu. Nilisimama mlangoni.

"Ni pamba," nikamwambia.

Alikiweka chuma chake chini polepole. Hakukana, na kwa hilo ninampa haki yake. Akaeleza akiwa anaitazama meza: aliichambua kwa vidole, akailowesha kwa gundi kidogo, akaitandaza alfajiri kabla sijaamka.

"Nilifikiri ukiona imetoka utapumzika."

"Nani alikwambia nimechoka?"

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyechoka. Kila siku unaitazama mashine yangu kama mgonjwa asiyepona."

Ningeweza kuishia hapo, kumhurumia. Fundi aliyekosa kazi, anaona kila jioni kitu alichokiunda kwa mikono yake kikishindwa mbele ya mkewe. Niliielewa pamba. Nikamuuliza kuhusu makofi. Ilikuwaje akasimama. Alikishika tena chuma chake, akainamia kazi. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nazigeuza ndani nje kila siku. Alinivika kilemba cha ukoka mbele ya watoto wa watu, kisha akakaa chini kutazama kinavyonikaa.

Kesho yake nilirudi shuleni. Mwalimu aliposikia, alishauri tuseme kioo kimevunjika, mambo yaishe. Nilishangaa jinsi uongo unavyokuwa mwepesi kwenye midomo ya watu wema. Nikakataa. Nikasimama mbele ya darasa lile lile, nikasema kilichomo kwenye vioo ni pamba ya dukani, na kwamba uzi wa gundi haujatoka. Sikusema nani aliiweka. Walicheka, kama ilivyopaswa. Mwalimu alinisindikiza hadi getini akiwa na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa kunyamaza nimejitia hatiani.

Nilidhani mume wangu angelisafisha jina langu. Nilimpa nafasi. Nilipoanza kuitwa Mama Pamba mtaani, nilisubiri. Siku moja nilikuwa dukani kwake nikimpelekea chakula, mteja akauliza kwa utani, "Huyu ndiye Mama Pamba mwenyewe?" Mume wangu akacheka kidogo, akainamia televisheni, akaendelea kukaza skrubu. Skrubu ile ilikuwa imekaza tayari. Niliiona.

Sikumwacha. Watu huuliza, nami huwajibu kwamba ndoa si gauni. Tulikula meza moja, tukauguzana, tukazika wazazi wake na wangu. Ila mashine niliihamisha. Niliitoa kwenye chumba cha mapipa, nikaiweka kwenye kona yangu ya kushonea, upande wa jua, na nikajifunza kufunga nyaya mwenyewe. Hakuuliza kwa nini. Sikumwomba msaada.

Ilichukua miaka. Kisha ukaja ukame mkali, midomo ya watu ikapasuka, nguo zikakauka kabla hujamaliza kuzianika. Alasiri moja niliwasha, mkono mgongoni, nikalitazama tone. Likavimba. Likachongoka. Halafu sikuona kitu chochote, na nikadhani sindano imeziba tena, mpaka nilipoangalia foili. Ilikuwa inafifia, kama kioo kinachopuliziwa pumzi. Wakati wote ule adui alikuwa unyevu: kwanza wa mapipa, kisha wa hewa yenyewe.

Nilizima, nikagusisha fimbo, nikasogea. Safari hii vidole havikujua. Havikuwahi kugusa kitu kama kile. Vilikuwa kama vimegusa joto la mtu aliyekwisha kuondoka. Nilikaa chini nikalia bila sauti.

Nikasikia ndara zake ukumbini. Aliingia na kikombe cha chai, mgongo umekwisha kumpinda kwa uzee. Nilinyanyuka, nikasimama kati yake na foili, nikijifanya nakunja kitambaa.

"Vipi, leo kuna chochote?" akauliza.

"Bado," nikamwambia.

Aliitua chai juu ya meza ya cherehani, mbali na kitambaa, kama anavyojua ninapenda. Akaniambia nisikate tamaa, kwamba kitu kama kile kinataka subira. Nikamshukuru kwa chai. Alipotoka aliurudishia mlango taratibu, upepo usiniharibie kazi.