Gundi ya Siku Tatu

Kitabu kilichozeeka kweli nakijua kabla sijakifungua. Pembe zake zimelika, kurasa za katikati zimepauka kwa jasho la vidole, na ukikipigapiga mezani hutoa vumbi la kukupigisha chafya. Vitabu vya Mama Vidonge havikuwa na dalili hizo. Vilikuja karakanani kwetu kila Alhamisi, vimekatika mgongoni, mkato umenyooka kama uliopigiwa rula, na ukurasa wa kwanza, ule wa mihuri na majina ya wenyewe, haupo.

Hakuna hata kimoja kilichokuja na ukurasa wa kwanza.

Mama Vidonge ana duka la dawa mtaa wa pili. Ni mtu mwenye heshima zake, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, maneno yake ya kuhesabu. Lakini akifika kwetu hutazama nyuma kwanza, ndipo akachomoa kitabu kwenye mfuko wa dawa, kimeviringishiwa gazeti. Mara ya kwanza nilidhani ni ajali tu. Kufikia kitabu cha saba nilikuwa nimeshamhukumu. Wa maktaba au wa dukani sikujua, ila mwizi.

Sikumwambia Mjomba, na nilikuwa na sababu yangu. Karakana ni yake, mimi namshonea vitabu, na sheria yake ni moja tu: mshonaji hasomi kazi ya mteja. Husema kitabu cha mtu ni sawa na barua ya mtu. Aliwahi kunifuma kichwa kimezama kwenye riwaya ya mwalimu mmoja, akaapa kwamba nikirudia nitarudi kwa mama yangu na kiti changu atakikalia mwingine. Basi nikajifunza ujanja. Gundi yetu hukauka kwa usiku mmoja. Mimi niliwaambia wateja siku tatu. Zile mbili za ziada zilikuwa zangu. Nilikula chakula cha mchana nyuma ya kibano kikubwa cha kugandamizia vitabu, sahani huku, kitabu cha watu magotini. Na Mama Vidonge, mwizi au si mwizi, alikuwa na jicho la kuchagua vitabu.

Mjomba akagundua mwenyewe. Alikishika kitabu cha kumi na moja, akakinusa, akapitisha kidole kwenye mkato.

"Huu ni wembe," akasema taratibu. "Umevishona vyote hivi hukuona?"

Nikasema sikuona. Akanitazama kwa muda mrefu mno, si kama mtu aliyeniamini. Tukikutwa na mali ya wizi, akasema, karakana inafungwa. Alhamisi nimuulize mama wa watu, yeye atakuwa nyuma ya pazia anasikiliza.

Alhamisi ikafika. Nikamkabidhi Mama Vidonge kitabu chake, nikamuuliza vitabu hivi anavitoa wapi. Hakushtuka. Alivaa miwani, akafungua mwishoni, akakagua pembe ya ukurasa kama anayesoma cheti cha daktari asiyemwamini.

"Binti, kazi ya mshonaji iko wapi? Mgongoni au pembeni?"

"Mgongoni."

"Kurasa hizi mbili za mwisho nilizibandika pembe kwa tone la uji. Zimebanduliwa. Nani alikuwa na haraka ya kujua kama yule mjane wa hadithi hii anaolewa?"

"Haolewi," nikajibu kabla sijajizuia.

Akafumba macho. "Ungeniacha nisome mwenyewe."

Halafu akacheka, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Mwaka jana rafu yake ya vitabu ilimwangukia mama mkwe mguuni. Kikaitwa kikao cha ukoo, naye akaapishwa mbele ya mashemeji na mawifi kwamba kitabu kipya hakitavuka tena mlango ule. Vya zamani, akitaka, avitengeneze. Basi hununua kipya, akakikata kwa wembe palepale dukani kwake, akang'oa ukurasa wenye muhuri wa muuzaji, akatuletea. Nyumbani huingia na kitabu kibovu kilichotengenezwa.

"Kiapo sijakivunja," akasema. "Ila gundi yako ya siku tatu ilininyima raha. Nilidhani mume wangu amekuweka hapa, unampelekea vitabu vyangu avikague."

Miezi hiyo yote nilimpeleleza, kumbe na mimi napelelezwa.

Pazia likasogea. Mjomba akatoka, uso umekunjamana. Habari ya wizi hakuigusa hata kidogo.

"Umesoma kazi ya mteja," akaniambia. "Muombe radhi hapa hapa, mbele yangu, nami nitasahau. Usipoomba, mlango unaujua."

Mama Vidonge akasema yeye hakudai radhi yoyote. Mjomba akajibu kwamba anayedai ni yeye mwenye karakana.

Neno lenyewe lilikuwa dogo, ningelitema nikabaki na kiti changu. Nilitazama sindano zangu, kibano, karatasi za jalada nilizozikata asubuhi ile. Nikafungua kamba za aproni, nikaikunja, nikaiweka mezani.

"Ukinifukuza kwa uongo wa gundi, Mjomba, ni haki yako," nikasema. "Lakini vitabu nimevisoma, vyote kumi na kimoja, hadi ukurasa wa mwisho. Kwa hilo siombi radhi. Si kwake, si kwako."