Mgeni wa Nyuki Mezani kwa Merle

Merle Quirk ni rafiki yangu tangu tukiwa darasa moja, kwa hiyo nikimsema si umbea, ni haki yangu. Ana moyo mweupe kwa watu wote, hata kwa wifi zake, isipokuwa kwa watu wa aina moja tu: wa timu ya Nyuki. Sisi wote hapa Gundarook, mji wetu huu wa kondoo na ngano, ni wa Mbuni, timu ya mjini kama hiyo Nyuki. Ushabiki kwetu unarithiwa kama pua, huulizwi kama umeipenda. Lakini Merle amepitiliza. Mumewe, marehemu Clarrie, alianguka akafa wiki ileile Nyuki walipotutoa kwenye fainali kwa pointi moja, tena pointi ya mpira uliogonga mlingoti wa goli, maana kwetu huo nao huhesabiwa. Daktari alisema ni mafuta ya kondoo. Merle anasema ni Nyuki, na tangu siku hiyo hata asali hanunui.

Mungu naye ana utani wake. Katika nyumba hiyohiyo akamweka Rafferty, mjukuu ambaye Merle alimlea tangu mama yake alipokwenda kutafuta kazi migodini, akaona maisha ya huko yanamfaa zaidi. Kijana ni mrefu, mpole, mlaji, na akiingia uwanjani, kwenye mpira wetu huu wa kudaka kwa mikono na kufunga kwa miguu, huruka juu ya mabega ya watu akaudaka kama mtu anayetoa sahani kabatini. Mwaka jana alivunjika mguu, na siku ya uteuzi klabu kubwa za mjini ziliita kwa zamu vijana zinaowataka bila kumtaja. Kwenye uteuzi mchezaji hachagui. Ukiitwa na Mbuni unakwenda Mbuni, ukiitwa na shetani unakwenda kwa shetani. Na ukipitwa mara mbili, mjini wanakusahau, unabaki kuendesha trekta na kusimulia baa jinsi ulivyokuwa. Rafferty alilijua hilo vizuri. Mwaka huu mzima alikula akiliwaza na kulala akiliwaza.

Basi siku moja Merle alinijia kwenye kibanda cha chakula pale uwanjani, nikiwa napasha pai za nyama, uso umemkunjamana.

"Val, wamepiga simu."

"Nani?"

"Wale wadudu. Wanamleta mtu wao wiki hii. Aje aulize habari za mtoto, tabia yake, kama anaamka mapema, kama anakunywa."

"Si heri hiyo, shoga? Kijana anatakiwa."

"Atakiwe na wenye heshima zao. Mbuni watakuja, wamechelewa tu. Sisi kazi yetu ni kuwafukuza hawa kwanza."

"Na Mbuni wasipokuja?"

"Watakuja," akasema, akachukua pai yangu moja bila kuomba.

Merle habishani, anatangaza. Kufika jioni alikwisha kuupanga mji mzima. Mgeni yeyote wa mjini atakayeuliza habari za Rafferty aambiwe mabaya, tena yaliyoungwa vizuri, yenye chumvi ya kutosha. Rafferty mwenyewe asijue neno. Nilimwambia wazi kwamba hili jambo silipendi. Halafu nikakubali, kwa sababu maisha ya Gundarook yana raha chache, na kumdanganya mtu wa Nyuki ni mojawapo.

Alhamisi, wakati wa mazoezi, mgeni akaja. Mzee mfupi, kofia ya majani kichwani, viatu vinang'aa, katika mkoa huu ambao hata bwana harusi huenda kanisani na matope. Hakuvaa rangi za timu yoyote, maana hawa watu wa kupima wachezaji hufichana wao kwa wao ili mmoja asijue mwenzake anamtaka nani. Akanunua pai, akaweka sosi ya nyanya, akauliza polepole, kama mtu anayeulizia mvua, yule kijana mrefu ni wa nani.

Nikajimwaga. Nikamwambia maskini Rafferty halali ila kwenye kitanda chake, na akilala ugenini hulia mpaka bibi yake aimbe kwenye simu. Mzee akatikisa kichwa, akaenda kwa Bluey mwenye baa, ambaye alimwambia kijana akinusa bia tu huvua shati akataka kupigana na mashine ya barafu. Mwalimu wa zamani wa Rafferty akasema kijana anapiga mpira kwa miguu yote miwili kwa sababu hajui wa kushoto ni upi. Aliyemaliza kazi ni Padri Keogh. Padri hawezi kusema uongo, kwa hiyo alipoulizwa kuhusu Rafferty hakujibu kitu. Alipumua tu kwa nguvu, akatazama chini.

Mzee akaondoka kabla ya giza. Usiku ule Bluey alitupa bia ya bure, na Merle alicheka mpaka akashika ubavu.

Jumamosi ilikuwa siku ya mechi, na mvua ilinyesha ya kumwaga. Kwetu mvua ikinyesha watu hutazama mpira wakiwa ndani ya magari, yamezunguka uwanja pua zikitazama ndani, na goli likifungwa kila mtu anapiga honi. Nilimwona mwanamke amesimama kwenye uzio, buti za matope, koti la mvua la mkulima, maji yanamtiririka shingoni. Nikajua ni mke wa daktari mpya wa mifugo, yule aliyehamia wiki ile. Nikamfungulia mlango.

"Ingia, mama, utaota ukungu."

Akaingia, nikampa chai ya chupa. Alikuwa mtu mzuri, msikilizaji. Rafferty alipofunga goli la kwanza nikapiga honi mpaka mkono ukaniuma. Akauliza huyo ni nani, na mimi, ambaye Alhamisi nilimlaza kijana wa watu kitandani akilia, nikaanza kumwaga yaliyokuwa moyoni. Nikamwambia jinsi anavyoamka alfajiri kuwapa maji kondoo wa Merle kabla ya mazoezi. Nikamwambia alivyojifunza kupiga kwa mguu wa kushoto mwaka aliovunjika wa kulia, akiupiga mpira kwenye ukuta wa ghala la ngano mpaka mwenye ghala akaja kulalamika, kisha akabaki kumsaidia kuuokota. Bluey naye alikuja dirishani kuomba chai, akatia la kwake: kwamba Rafferty ndiye anayewarudisha walevi majumbani kwao, yeye mwenyewe hanywi. Hata Padri Keogh, aliyekuwa gari la jirani, alishusha kioo kwenye mvua akasema, "Kijana wa dhahabu huyo." Tangu Alhamisi alikuwa na ukweli umemkwama kooni, maskini.

Jioni Nyuki wakapiga simu tena. Mtu wao atakuja kwa Merle kesho, chakula cha mchana.

"Baada ya yote yale?" nikashangaa.

"Wakaidi," Merle akasema. "Mwache aje. Hakuna mtu wa Nyuki aliyewahi kula mezani kwangu na huyu naye hatakula. Nitahakikisha."

Alihakikisha. Jumapili alimwoka kondoo tangu asubuhi mpaka akawa soli ya kiatu, na viazi akavitoa kabla havijajua kama vimeingia jikoni. Mimi nilikaribishwa kama askari wa akiba. Rafferty alikuwa amevaa shati lenye kola, amechana nywele kwa maji. Mara tatu aliniuliza, "Shangazi Val, nikiulizwa ninapenda timu gani niseme nini?" Roho iliniuma kidogo, nikamnyoosha kola.

Mlango ukagongwa, Merle akafungua, na pale kizingitini amesimama mke wa daktari wa mifugo na buti zake zilezile.

"Carmen Vassallo," akasema. "Natoka Nyuki. Shikamoo, Bi Merle. Bi Val, asante kwa chai ya jana."

Nilitafuta pa kuweka uso wangu, sikupata.

"Hukusema," nikamwambia.

"Hukuniuliza. Ulinifungulia mlango ukaanza kusema."

Tukakaa. Carmen akakata nyama kwa nguvu zake zote, akatafuna, akameza, akaomba nyingine. Merle akamtazama kwa chuki ya kweli.

"Mama yangu alikuja toka Malta na sufuria moja," Carmen akasema, "na alipika vibaya kuliko hivi kila Jumapili. Mnanikumbusha nyumbani. Ila nieleweshe kitu kimoja, Bi Merle. Wenzetu wa Mbuni walikuwa wanamtaka sana huyu kijana, walikuwa wamwite kabla yetu. Wakamtuma mtu wao hapa Alhamisi, mzee mfupi, ana kofia ya majani. Amerudi, na kwa kuwa hamtaki tena akanisimulia bila kuficha: miguu ni ya ajabu, lakini tabia hapana, mji mzima umemkataa, hata padri. Wamemfuta. Jana mimi nimekuja, kila mtu ananiambia malaika. Sasa nani amedanganywa, mimi au yeye?"

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba shoga yake atakuwa amekaa pembeni akimtazama akizama. Uso ulimwenda Merle mweupe, ukarudi mwekundu.

"Kofia ya majani," akasema polepole, "alikuwa wa Mbuni?"

"Miaka yote. Kazaliwa Mbuni."

Rafferty akaweka uma chini. "Bibi? Mlimwambia nini mtu wa Mbuni?"

"Tulidhani ni wa Nyuki," nikasema, nikidhani nasaidia.

"Mlimwambia nini?"

Rafferty alikuwa anamtazama bibi yake, si kwa hasira. Ingekuwa hasira tungeshukuru. Alikuwa anahesabu kichwani, na sisi sote tuliiona hesabu yake: Mbuni wamekwenda, amebaki huyu mama mmoja mwenye buti za matope, na huyu mama amelishwa soli ya kiatu.

Carmen akafuta mdomo. "Mimi siulizi tena habari zake. Nimeona anavyoruka, na jana nimesikia ya kutosha mpaka nikachoka. Nimekuja kukupima wewe, Bi Merle."

"Mimi?"

"Vijana wa mashamba huja mjini wana nguvu kama mafahali, na baridi ikiingia wanarudi nyumbani. Si kwa sababu ya miguu. Kuna mtu nyumbani anawavuta. Anaugua kidogo kila wakipiga simu, analia kidogo wakitaka kukata. Miguu napima kwa saa, lakini hilo halina kipimo, inabidi nile nyama ya mtu nimtazame machoni. Basi nijibu. Siku tukicheza na Mbuni, utakaa upande gani?"

Nilimkanyaga Merle mguu chini ya meza. Danganya, nikamwombea kimoyomoyo, wiki hii umedanganya kwa ubaya, danganya mara moja kwa wema.

"Upande wa Mbuni," Merle akasema.

Rafferty akainamisha kichwa.

"Nitavaa skafu yangu, na nitaomba mfungwe mpaka mtie huruma. Siwezi kudanganya tena, nimechoka. Lakini mpira ukiwa mikononi mwa huyu, Clarrie anisamehe, nitaomba afunge. Akifunga kumi nyinyi mkashindwa kwa moja, nitakufa nimeridhika."

"Na akikupigia simu usiku wa baridi, anataka kurudi nyumbani?"

Merle alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Nitamwambia kitanda chake nimempa mbwa," akasema.

Carmen akaangalia sahani yake, akasogeza mfupa pembeni. "Hilo ndilo nililolijia," akasema, akaomba kiazi kingine. Merle akainuka akavirudisha viazi vyote jikoni vikapikwe vizuri.

Siku ya uteuzi tulijaa wote kwenye jengo la klabu mbele ya televisheni, nje jua bado liko juu. Majina yakaitwa, yakaitwa. Zamu ya Mbuni ikafika, wakamwita kijana mwingine, na ukumbi mzima ukatazama dari, kila mtu akikumbuka alichosema Alhamisi. Kisha ikaja zamu ya Nyuki, na yule mtu kwenye televisheni akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya ngano, Rafferty Quirk wa Gundarook.

Ukumbi mzima wa Mbuni, skafu shingoni, na hakuna aliyejua mikono iende wapi. Rafferty hakuruka. Hakucheka. Aligeuka akamtafuta bibi yake kwa macho, mtu mzima urefu wa mlango, akingoja ruhusa ya kufurahi. Nilitaka ardhi inimeze.

"Unaningoja nini?" Merle akasema. "Umeitwa, mwanangu. Furahi."

Ndipo akaruka, na sote tukaruka naye, na Bluey akapiga kelele ya "Nyuki" kisha akaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Padri akalia waziwazi. Walimrusha kijana juu mpaka akagonga taa.

Nilipogeuka Merle hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya jengo, amekaa kwenye kreti ya bia, uso kwenye skafu. Nikakaa kando yake, nikamshika bega.

"Pole, shoga. Najua. Nyuki ni Nyuki."

Akapenga kamasi kwenye rangi za Mbuni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Acha ujinga, Val. Hata wangekuwa Mbuni ningelia hivihivi."