Mabega Sita ya Akina Ormerod

Akina Ormerod hawakuzikwa kwa gari la farasi. Tangu jina hilo lilipoanza kuitwa jina, maiti wao walipanda kilima hadi kanisani kwa mabega ya wanaume sita, na wote sita sharti wawe Ormerod. Katikati ya kilima kulikuwa na jiwe bapa. Hapo jeneza lilituliwa, mkubwa wa ukoo akamwuliza kila mbebaji, "Nani anambeba?" na kila mmoja akajibu kwa jina la ukoo. Mmoja akijibu vingine, mkubwa alikuwa na haki ya kulizuia jeneza, lirudi chini likapandishwe na farasi kama gunia la makaa. Watu wa bondeni walisema hicho ni kiburi. Akina Ormerod waliitikia: ndiyo, ni kiburi, na je?

Ezra Ormerod alifariki majira ya kuchipua, vita vikiwa vimekwisha na kiwanda cha pamba kikifanya kazi nusu wiki. Kabla ya kukata roho alimshika mwanawe Amos mkono akasema, "Usinipandishe kwa farasi. Niahidi." Amos akaahidi. Ahadi kwa mtu anayekufa ni rahisi kutoa. Uzito wake huja asubuhi.

Asubuhi hiyo Amos alihesabu mabega. Yeye mwenyewe. Binamu yake Wilf. Binamu yake Luther, aliyerudi vitani akichechemea lakini bega lake zima. Binamu wengine wawili, vijana wa marehemu Isaac, kutoka ng'ambo ya mlima. Hapo hesabu ikakwama. Baba yake mkubwa Reuben ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na kazi yake ilikuwa kuuliza, si kubeba. Isitoshe vumbi la pamba lilikwisha kula mapafu yake. Waliobaki walikuwa wamelala Ufaransa, walikouawa vitani, na huko hakuna aliyewabeba kwa jina.

Jamaa walikusanyika sebuleni, jeneza likiwa juu ya meza, chai na nyama ya paja la nguruwe vikiwa chumba cha pili. Reuben akasimama kuwahesabu wenye jina hilo, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile kila palipotokea msiba.

"Wa kwanza alikuwa Orm," alianza, pumzi ikimkatika. "Mtu wa kaskazini, mwenye shoka. Alifyeka msitu mahali ambapo hata mbwa mwitu walipita kwa shida, na watu wakapaita Ormerod, yaani mfyeko wa Orm. Walioishi pale wakachukua jina la pale. Ndio sisi. Akaja Giles, aliyejenga ukuta wa kanisa. Akaja Thomas, aliyekataa kumvulia kofia bwana wa shamba, akalala jela majira yote ya baridi. Akaja Hannah, aliyefuma kitambaa chembamba kiasi cha kupita kwenye pete. Akaja Daniel, mpiga kengele, aliyezipiga usiku wa mafuriko mpaka bonde zima likaamka. Na leo Ezra."

"Uliyemsahau ni yule aliyeiba kondoo," alisema Keziah, mke wa Reuben, akiwa mlangoni na birika.

"Huyo hakuwa wetu. Alikuwa Ormerod wa bonde la pili."

"Ah, wezi wote ni wa bonde la pili."

Wilf alicheka kidogo, kisha akalikumbuka jeneza akanyamaza. Amos akasema, "Baba mkubwa, tuko watano."

"Najua mko watano."

"Wa sita yupo," alisema Keziah. Akaiweka birika chini polepole. "Yuko machimboni, anapasua mawe. Mnamjua wote. Hata mkizima taa mtamjua, maana anakohoa kama Ezra."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Jabez Crabtree alikuwa mwana wa Ezra kwa mfumaji mmoja ambaye Ezra hakumwoa, miaka mitatu kabla Amos hajazaliwa. Bonde lote lilijua. Lilijua pia kwamba jambo hilo halisemwi.

Reuben alikaa. Alifikiri mpaka chai ikapoa. "Akijibu Ormerod pale jiweni," alisema hatimaye, "atakuwa Ormerod. Sitamwuliza zaidi. Mwambie hivyo, Amos. Ni zawadi kubwa hiyo."

Amos alikwenda machimboni. Alimkuta Jabez amekaa juu ya jiwe, anakula mkate na jibini, nyundo ikiwa kati ya miguu yake. Walikuwa wamepishana njiani maisha yao yote, na salamu yao ilikuwa kutikisa kichwa.

"Pole kwa msiba," alisema Jabez.

"Na wewe pole."

Jabez aliacha kutafuna. "Hilo hujawahi kuniambia. Umekuja kutafuta bega, au umenifuata mimi?"

"Bega," alisema Amos, kwa sababu uongo ungeonekana. "Tuko watano. Nimemwahidi baba. Baba mkubwa anasema ukijibu Ormerod pale jiweni, jina ni lako, wewe na watoto wako."

"Ana huruma kweli, mzee Reuben." Jabez alifunga mkate wake katika kitambaa. "Nilipokuwa mdogo mama alinipeleka mlangoni kwenu. Baba yako akasema jina si koti, haliazimwi. Akafunga mlango, kwa adabu, bila kuubamiza. Mama akaniosha uso, akanirudisha nyumbani, akanilea kwa jina lake. Alisimama kwenye mtambo wa kufumia mpaka miguu ikamvimba, na waliponiita mwanaharamu alinifundisha kujibu, 'Mimi ni Crabtree.' Sasa mnataka nimkane kwa sababu mmepungukiwa?"

"Basi hutakuja."

"Sijasema siji. Nitakuja. Yule mtu sijawahi kumgusa hata kidole. Nataka nimbebe mara moja. Lakini nikiulizwa, nitajibu jina langu. Ukitaka, nije. Hutaki, nenda kakodi farasi."

Amos alisema njoo. Aliporudi, Reuben aliuliza, "Amekubali?" Amos akajibu, "Atakuja." Zaidi ya hapo hakusema. Alijiambia mtu akifika mbele ya jeneza hulainika. Usiku huo alijua kwamba mtu mwenye haki halainiki, na kwamba asingetaka yule alainike.

Siku ya mazishi upepo ulikuwa mkali, na mawingu yalikuwa yametua juu ya kilima. Walibeba watatu huku, watatu huku, viatu vyao vya mbao vikigonga mawe kwa pamoja. Amos na Jabez walikuwa mbele, bega kwa bega, na jeneza lilikaa sawa juu yao bila mtu kukunja goti, kwa kuwa kimo chao kilikuwa kimoja. Wakafika jiweni.

Wakalitua jeneza. Reuben akavua kofia.

"Nani anambeba?"

"Ormerod," alisema Wilf. "Ormerod," alisema Luther. Wale vijana wawili wakajibu, wa pili kwa sauti ndogo. Reuben akafika kwa Jabez, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na akamwona marehemu ndugu yake akiwa kijana.

"Nani anambeba?"

"Crabtree," alisema Jabez.

Upepo ukapita. Nyuma yao wanawake walisimama kama uzio. Reuben alimgeukia Amos. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi jeneza linarudi."

"Hujaniuliza mimi, Baba mkubwa."

Mzee alimtazama. Angeweza kukataa, lakini desturi aliyokuwa akiilinda ndiyo iliyomlazimu. "Nani anambeba?"

Ormerod. Jina hilo lilikuwa ulimini mwake, pamoja na Orm na shoka lake, Thomas na jela yake, na wote wa Ufaransa. Alilipenda. Alikuwa amepigana ngumi kwa ajili yake. Akalimeza.

"Wanawe," alisema Amos. "Wanawe wawili wanambeba, na binamu zao wamewasaidia."

Jabez aliinamisha kichwa. Reuben alikaa ukingoni mwa jiwe, kando ya jeneza.

"Pandeni," alisema. "Mimi sipandi. Sikuona wala sikusikia, kwa hiyo sikuzuia."

"Reuben," alisema Keziah, "ni mdogo wako anazikwa."

"Nimesema pandeni, mama."

Wakapanda. Ezra akashushwa kaburini, kasisi akasoma, kila mtu akatupa udongo wake. Jabez alitupa wa mwisho, mkono ukikawia hewani. Kutoka ukutani mwa kanisa Amos aliweza kuona mpaka jiweni. Reuben alikuwa bado amekaa pale, kofia magotini, kilima amekipa mgongo, na katika jamaa wote hakuna aliyethubutu kushuka.

Jabez alifuta mikono kwenye suruali, akaanza kushuka peke yake. Akafika, akasimama mbele ya mzee. Upepo ulichukua walichosema, kama walisema. Amos alimwona Reuben akijivuta pembeni taratibu, akiacha nafasi ya mtu mmoja juu ya jiwe.