Mtoto kwenye Beseni

Mwandishi alipotangaza kwamba haandiki tena kwa Kizungu, mchapishaji wake alidhani anatania. "Mzee, unajimwagia mchanga kwenye kitumbua chako. Nani atakisoma hicho kitabu?" Lakini alikuwa ameshakata shauri. Vitabu vilivyompa jina alivitoa kwa lugha ya darasani. Hiki angekiandika kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Akajifungia chumba cha uani, akiyafukuzia maneno ambayo mengine yalikuwa yameshaanza kumpiga chenga.

Kitabu kikatoka, kikapendwa. Fundi cherehani wa mtaani alimsimamisha njiani kumwambia kwamba alicheka mpaka akajidunga sindano.

Jumapili akaja bintiye, daktari wa meno. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua. Baba akamkodolea macho, akingoja tabasamu. Midomo ya binti ikachezacheza, ikatulia.

"Baba, naokota neno hapa, neno pale. Mengine yananipita."

"Si ulikuwa ukizungumza na bibi yako vizuri tu?"

"Nilikuwa mdogo. Halafu ukatukataza." Hakusema kwa hasira. "Ulisema tukiongea kama bibi tutabaki nyuma shuleni."

Mama mtu, aliyekuwa akimenya vitunguu mlangoni, hakuinua kichwa. Enzi zile alimsihi mumewe awaache watoto waongee na bibi yao, akajibiwa asimharibie watoto. Bibi naye akawa anakaa na wajukuu zake akiwachekea tu, kama mgeni.

"Basi nisomee," binti akasema.

Akamsomea sura ya bibi anayemwogesha mjukuu kwenye beseni, kila kiungo akikitania: kisigino, kitovu, masikio. Mahali pa kucheka binti alikaa kimya. Sauti ya baba ilipokwama, ndipo akacheka, akidhani hapo ndipo penye utani, kisha akaona haya.

"Bibi anasemaje hapo?"

Akamweleza kwa Kizungu. Utani wote ukanyong'onyea mdomoni mwake, ukawa maelezo tu ya mwanamke na maji ya moto.

"Mtoto huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Sikumbuki hata neno moja aliloniambia."

Mwandishi alifuta miwani, akaendelea: sentensi kwa lugha ya mama yake, sentensi kwa Kizungu, huku binti akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyowasikiliza wagonjwa wake.