Uzito wa Kawaida

Tangu Kathini aingize tairi katika shimo nje ya Mutomo, gari lilikuwa likivuta kushoto. Akilegeza mikono tu, linaacha lami taratibu na kuelekea vichakani, kama ng'ombe aliyenusa maji. Walipofika Sultan Hamud mabega yake yalikuwa yanawaka moto. Nyuma, mama mkwe wake Ndila alikuwa kimya, vile alivyokuwa tangu wamzike mwanawe Kyule, mume wa Kathini. Walikuwa wakienda Mbooni, kwao Ndila, na njia nzima jina la marehemu halikutajwa.

Muli, fundi wa alaimenti, kazi ya kulinganisha tairi, alilipandisha gari kwenye jukwaa la chuma, akainama kutazama tairi za mbele.

"Kila moja inataka njia yake," akasema. "Lakini gari ya familia napenda kuipima ikiwa na uzito wake wa kawaida. Ingieni, mkae vile hukaa."

Kathini akashika usukani. Ndila akaketi nyuma.

"Mbele hakai mtu?" Muli akauliza.

Miaka yote hapo palikuwa pa Kathini, Kyule akiendesha. Ndila akashuka, akaja mbele, akakusanya leso yake na kufunga mkanda kana kwamba safari inaanza.

Jukwaa likapanda. Mapaa ya mabati yakabaki chini, malori ya Mombasa yakapita kama mawingu nyuma ya vioo vilivyofungwa, na upepo ukalisukasuka gari polepole. Kathini akahisi hawako Mutomo wala Mbooni, na kwamba hapo juu hakuna neno linaloweza kumuumiza mtu.

"Kyule alikuwa akiendesha huku anaongea," Ndila akasema. "Wewe unanyamaza."

"Nilidhani hutaki atajwe, Mwaitu," Kathini akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na mimi nilidhani ni wewe."

Chini yao spana ya Muli iligongagonga. Ndila alilia bila sauti, na Kathini akamshika mkono mpaka jukwaa likashuka lenyewe, taratibu, kama usingizi unaoisha.

Barabarani gari lilikwenda moja kwa moja, bila kuvuta upande. Ndila alibaki mbele, akisimulia jinsi Kyule mdogo alivyopanda mparachichi wa mjomba wake, akashindwa kushuka, akalala hukohuko. Hewa ya vilima ikaanza kupoa. Kathini akapunguza mwendo, kwa kuwa hakutaka wafike upesi.